Taa moja, maonyesho mawili: safari ya rekodi ya makumbusho hadi mtandaoni

Chukua taa ya shaba ya kuning'inizwa, iliyopokewa na makumbusho mwaka 1987. Kwenye kitako chake, kwa wino mwembamba uliofunikwa kwa vanishi, kuna namba: 1987.14.3. Anayeijua kazi hii huisoma namba hiyo kama anavyosoma tarehe: mwaka wa kupokewa, fungu la 14 lililoingia mwaka huo, kitu cha tatu katika fungu hilo. Namba hiyohiyo imo kwenye hifadhidata, na chini yake yamepangwa mambo mengi: shaba ya kusubu, urefu sentimeta 31, ufa mdogo shingoni, chumba B, rafu ya 4, thamani ya bima, jina la familia iliyoitoa, tarehe ilipokaguliwa mara ya mwisho.

Sasa taa hiyo imetolewa ghalani na kuwekwa ndani ya kabati la kioo, katika maonyesho yanayohusu mwanga wa majumbani kabla ya umeme. Pembeni yake kuna lebo ya maneno 60 inayoeleza mafuta yaliyotumika, nani aliiwasha jioni, na kwa nini mdomo wake umelika upande mmoja. Mkurugenzi anapita, anapendezwa, anasema: "Mambo haya si yamo kwenye kompyuta tayari? Yawekeni mtandaoni."

Agizo hilo linasikika jepesi. Lakini ukichunguza utaona kwamba maneno ya lebo ile karibu yote hayamo kwenye hifadhidata, na yaliyomo kwenye hifadhidata ni machache sana ambayo mgeni angetaka kuyasoma. Wengi hudhani ugumu wa kazi hii ni wa kompyuta. Kompyuta ina ugumu wake, na nitaufikia, ila mzizi wa mambo uko kwingine: kujua neno lipi ni mali ya kitu na neno lipi ni mali ya maonyesho. Makumbusho ambayo hayajalijibu swali hilo hununua programu ya gharama kubwa na bado hutoka na tovuti inayojipinga yenyewe.

Hifadhidata ilijengwa kwa ajili ya nani

Hifadhidata ya makumbusho ni mtoto wa daftari la mapokezi. Kazi yake ya kwanza ni kuthibitisha: kitu hiki ni chetu, kiliingia kwa njia hii, kipo mahali hapa, kina hali hii. Kanuni za Spectrum, zilizotolewa Uingereza mwaka 1994 na ambazo leo zinatumika katika nchi nyingi, hugawa kazi za makusanyo katika taratibu 21, na nyingi kati yake ni za uwajibikaji: kupokea, kuazima, kuazimisha, kuhamisha, kukagua hali, kuhesabu.

Umuhimu wa uwajibikaji huo ulionekana wazi mwaka 2023. Mwezi Agosti, British Museum ilitangaza kwamba baadhi ya vitu vyake vilikuwa vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, na hesabu iliyotajwa baadaye ilikuwa takriban 2,000. Vingi havikuwa vimeandikishwa ipasavyo, kwa hiyo hata kuthibitisha kwamba vimekosekana ilikuwa kazi. Oktoba ya mwaka huohuo makumbusho hayo yakatangaza mpango wa miaka mitano wa kukamilisha kumbukumbu za makusanyo yote na kuziweka mtandaoni, jumla ya rekodi milioni 2.4 za kupakia au kuboresha. Mimi naliona hilo kama hoja nzito ya kuchapisha: kitu ambacho maelfu ya watu wamekiona na picha yake wanayo ni vigumu kukiuza kimyakimya.

Lakini uwajibikaji huohuo umeijaza hifadhidata mambo yasiyopaswa kutoka nje. Chumba B, rafu ya 4, ni ramani kwa mwizi. Thamani ya bima inamwambia aanze na kipi. Huenda familia iliyotoa taa iliitoa kwa sharti la kutotajwa. Na sehemu ya hatari kuliko zote ni ile inayoitwa "maelezo mengine", ambamo vizazi vya wafanyakazi wamemwaga kila walichokosa pa kukiweka: namba za simu, mashaka juu ya uhalali wa ununuzi fulani, maneno ya kudhalilisha watu ambayo zamani yalipita kama istilahi za kitaalamu.

Kuna njia mbili za kuchuja. Ya kwanza ni kutoa kila kitu isipokuwa vilivyokatazwa. Ya pili ni kuzuia kila kitu isipokuwa vilivyoruhusiwa kwa jina. Siku ya kwanza matokeo yake hufanana kabisa. Tofauti hujitokeza siku mtu anapoongeza sehemu mpya kwenye hifadhidata, tuseme "anwani ya mwazimishaji". Kwa njia ya kwanza anwani hizo zitakuwa hadharani usiku huohuo bila mtu yeyote kuamua. Kwa njia ya pili zitabaki ndani mpaka mwenye mamlaka aseme zitoke. Sioni sababu hata moja ya kuchagua njia ya kwanza, ingawa ndiyo nyepesi kuijenga na ndiyo inayojengwa mara nyingi.

Rekodi nzima nayo ichukuliwe vivyo hivyo. Iwe na alama ya ruhusa ya kuchapishwa, na alama hiyo iwekwe na mtu, ikiwa na jina lake na tarehe. Taa yenyewe haina neno. Lakini ghala moja lina taa, lina mabaki ya binadamu, lina vitu vya ibada ambavyo wenyewe hawakukusudia vitazamwe na kila mtu. Sheria inaweza isiyazuie makumbusho kuweka picha zake mtandaoni, na bado ikawa ni vibaya kuziweka. Mpango wa Local Contexts umeunda alama ambazo jamii zenyewe huziweka juu ya vitu na maarifa yao, kueleza nani anaruhusiwa kuona nini na kwa masharti gani. Hifadhidata isiyo na mahali pa kuweka alama kama hiyo inahitaji kutengenezewa kwanza, kabla ya kufunguliwa milango.

Lebo ni mali ya nani?

Mwaka unaofuata, taa ileile inaingizwa katika maonyesho mengine, haya yakihusu ufundi wa shaba. Safari hii lebo haigusi mafuta wala jioni. Inazungumzia mshono wa kalibu ubavuni, unaoonyesha kwamba taa ilisubiwa kwa vipande viwili kisha ikaunganishwa.

Lebo hii mpya iandikwe wapi? Katika hifadhidata nyingi kuna sehemu moja tu inayoitwa "maelezo", na mtu mwenye haraka huifuta lebo ya kwanza na kuandika ya pili juu yake. Kesho yake ukurasa wa maonyesho ya mwanga, ambao bado upo mtandaoni, unamweleza msomaji habari za kalibu. Hakuna mtambo ulioharibika hapo. Neno limewekwa mahali pasipo pake, na kompyuta imetii.

Ufumbuzi wake ni wa zamani kuliko intaneti na kila mjuzi wa hifadhidata anaufahamu. Kuwe na jedwali la vitu. Kuwe na jedwali la maonyesho. Kisha, katikati yao, kuwe na jedwali la tatu ambalo kila mstari wake unasema jambo moja: kitu hiki kilishiriki katika maonyesho haya. Lebo hukaa hapo, kwenye mstari wa ushiriki. Taa haina lebo, na maonyesho hayana lebo ya taa; kukutana kwao ndiko kuliko na lebo. Ukishalielewa hilo, mambo mengine mengi hupata pa kukaa: sehemu ya ukumbi ambamo taa iliwekwa, nafasi yake katika mpangilio, picha iliyochaguliwa kwa ajili ya maonyesho hayo, tafsiri za lebo katika kila lugha. Hata tarehe zake zina nafasi. Maonyesho yanaweza kudumu mwaka mzima, lakini vitambaa na michoro ya karatasi hutolewa baada ya miezi michache ili mwanga usiidhuru, na vingine huwekwa badala yake. Anayetaka kujua nini hasa kilikuwa ukumbini siku fulani atapata jibu kwenye mistari hiyo.

Mtazamo huu una jina rasmi. CIDOC CRM, mfumo wa kueleza urithi uliotokana na kamati ya kumbukumbu ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho na kupitishwa mwaka 2006 kuwa kiwango cha kimataifa namba ISO 21127, hueleza kila kitu kupitia matukio: kutengenezwa, kununuliwa, kuhamishwa. Kwa mtazamo huo maonyesho ni tukio lenye wakati, mahali na washiriki. Si lazima makumbusho madogo yaubebe mfumo huo wote, maana ni mzito. Wazo lake peke yake linatosha kuokoa miaka ya kazi.

Walioichukulia historia ya maonyesho kwa uzito wanajulikana. Septemba 2016, Museum of Modern Art ya New York ilifungua mtandaoni kumbukumbu za maonyesho yake tangu mwaka 1929, zaidi ya 3,500, pamoja na picha za kumbi, orodha za kazi zilizoonyeshwa na matangazo ya wakati ule. Art Institute of Chicago, katika data inazotoa kwa programu za watu wengine, huyapa maonyesho rekodi zake yenyewe, kila moja ikiwa na vitambulisho vya kazi zilizoonyeshwa. Unaweza kutoka kwenye mchoro kwenda kwenye maonyesho, na kutoka hapo kwenda kwenye michoro iliyokaa nao ukuta mmoja. Ukaribu ule, nani alitundikwa kando ya nani, ni hoja ambayo mwandaaji alitumia miezi kuijenga. Ukichapisha vitu bila mpangilio wao, hoja hiyo umeitupa.

Vitu vya kuazima vinahitaji uangalizi wa pekee. Taa ya pili katika kabati ni ya makumbusho mengine. Haina namba yetu, ina rekodi ya muda tu, na mkataba wa mkopo huenda unaruhusu picha yake itumike hadi siku ya kufunga na si zaidi. Kwa hiyo mstari wa ushiriki uwe na tarehe ya mwisho wa ruhusa ya picha, na programu iiheshimu tarehe hiyo yenyewe, bila kumtegemea mtu akumbuke. Picha ikiondoka, jina la kitu na la mwenye kukiazimisha vibaki. Ukurasa wenye nafasi tupu iliyoelezwa sababu yake ni kumbukumbu ya kweli. Ukurasa ambamo kitu kimefutwa kabisa unadanganya juu ya kilichoonyeshwa.

Vipi kuhusu utangulizi wa ukutani, ramani, video, sauti za wasimulizi? Hivyo havihusu kitu kimoja, na kuvilazimisha ndani ya hifadhidata ya makusanyo huleta usumbufu. Viwekwe katika mfumo wa kusimamia tovuti, ambako mhariri ana uhuru wa kupanga, na humo vielekeze kwenye vitu kwa vitambulisho. Lebo zenyewe ndizo watu hubishania. Msimamo wangu ni kwamba lebo iandikwe kwenye hifadhidata, kwenye ule mstari wa ushiriki, ili karatasi ya ukutani, ukurasa wa tovuti na simulizi la sauti vyote vichote kisima kimoja. Nakiri kwamba wahariri wana lalamiko la haki: kisanduku cha kuandikia katika programu nyingi za makusanyo ni finyu, hakina aya wala italiki, na hakiweki matoleo ya awali. Mahali penye hali hiyo watu hurudi kwenye faili zinazotumwa kwa barua pepe, na toleo lililochapishwa ukutani linatofautiana na la mtandaoni. Kisanduku hicho kirekebishwe kabla hujawalazimisha watu kukitumia.

Kwa nini tovuti isiunganishwe moja kwa moja

Mtu anaweza kuuliza: kama data zimepangwa vizuri, si tovuti isome hifadhidata yenyewe, moja kwa moja? Usalama ni sababu ya kwanza ya kukataa, na haihitaji maelezo mengi: mlango ulio wazi kwa dunia usiwe mlango wa chumba chenye thamani za bima. Pili, wageni wengi wakiingia kwa pamoja, msajili, yaani mtunza rekodi za vitu, aliye ghalani na taa mkononi hapaswi kusubiri kompyuta ipate nafasi. Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi: umbo la data ndani si umbo linalohitajika nje.

Kwa hiyo hujengwa mtiririko. Kila usiku, au kila saa, programu ndogo huchota kutoka kwenye hifadhidata rekodi zilizoruhusiwa, huzisafisha, huzipa umbo jipya, kisha huziweka kwenye nakala ya kusomwa tu. Tovuti husoma nakala hiyo. Programu za watu wengine nazo huisoma, kupitia ule mlango uitwao API. Nakala ikiharibika hutengenezwa upya asubuhi. Hifadhidata yenyewe haijaguswa.

Kazi kubwa iko katika kule kusafisha. Tazama tarehe peke yake. Rekodi ya taa inasema "mwishoni mwa karne ya 19". Binadamu anaelewa. Mashine inayoombwa vitu vya kati ya 1880 na 1900 haielewi. Metropolitan Museum of Art ya New York, katika faili lake la wazi, hutumia safu tatu kwa kila tarehe: maneno ya kusomwa na watu, mwaka wa mwanzo na mwaka wa mwisho. Taa yetu basi ingebeba maneno yake pamoja na 1870 na 1900, na ya kabla ya Kristo ingebeba namba hasi. Lakini nani aliamua kwamba "mwishoni" huanza 1870? Na "karibu 1890" ni miaka mitano huku na huku, au kumi? Kanuni yoyote yenye busara inafaa mradi iandikwe na ifuatwe na wote. Nimeona hifadhidata ambamo kila mwandishi alikuwa na "karibu" yake, na mtafutaji akawa anakosa nusu ya vitu bila kujua kwamba anakosa.

Majina ni bonde jingine. Fundi mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu, na kompyuta inahesabu mafundi watatu. Getty, taasisi ya sanaa ya Marekani, hutunza orodha za majina ya wasanii, mahali na aina za vitu, ambamo kila jina lina namba yake. Ukiunganisha rekodi na namba, tahajia haina tena nguvu ya kutenganisha. Ila orodha hizo zilijengwa zaidi kutokana na makusanyo ya Ulaya na Marekani, na vitu vingi vya kwingineko huishia kupewa neno la jumla lisilosema kitu. Mradi wa Digital Benin, uliofunguliwa Novemba 2022, ulikusanya rekodi za vitu zaidi ya 5,000 vilivyoporwa au kutolewa kwa njia nyingine katika Ufalme wa Benin (katika Nigeria ya leo), kutoka taasisi 131 katika nchi 20. Badala ya kuridhika na majina ambayo kila makumbusho yalikuwa yamevipa, mradi uliviita pia kwa majina ya Kiedo, lugha ya waliovitengeneza. Hapo ndipo vitu vilivyotawanyika chini ya maneno kumi tofauti vikaonekana kuwa ndugu.

Picha na haki zake

Zamani kila matumizi yalidai nakala yake ya picha: ndogo ya orodha, ya kati ya ukurasa, kubwa ya kuchapisha. Tangu mwaka 2011 taasisi kadhaa zimeujenga mfumo wa IIIF, ambao humaliza tatizo hilo kwa wazo moja zuri: picha huhifadhiwa mara moja kwa ukubwa wake wote, na anwani yenyewe husema unachotaka. Anwani inayoishia na full/max/0/default.jpg inamaanisha: nipe eneo lote, kwa ukubwa wa juu unaoruhusiwa, bila kuzungusha, kwa ubora wa kawaida. Badilisha sehemu ya kwanza kuwa namba nne na seva itakukatia ule mdomo uliolika peke yake. Kwa maonyesho hii ni neema, kwa sababu lebo inapotaja mshono wa kalibu, ukurasa unaweza kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye mshono huo, na picha kutoka makumbusho mawili tofauti zinaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu bila mmoja kumtumia mwenzake faili.

Haki huchanganya watu kwa sababu zimepandana. Kuna haki ya kazi yenyewe, kisha kuna haki ya picha ya kazi hiyo. Taa yetu ni ya zamani na hakuna hakimiliki juu yake, ila mpiga picha aliyeipanga mwanga na kivuli anaweza kuwa na haki juu ya picha. Mchoro bapa uliopigwa picha kwa uaminifu ni suala jingine: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019, kifungu cha 14, inasema nakala aminifu ya kazi ya sanaa ambayo muda wake wa ulinzi umekwisha haipati hakimiliki mpya, isipokuwa nakala hiyo yenyewe ina ubunifu wa mwandishi. Makumbusho mengine yaliamua mapema zaidi. Metropolitan ilifungua picha zipatazo 375,000 Februari 2017, na Smithsonian ikafungua milioni 2.8 Februari 2020, bila masharti ya matumizi.

Kwa data, kinachohitajika ni kwamba kila picha ibebe tamko lake la haki, na tamko hilo lisomeke na mashine. Mradi wa RightsStatements.org, ulioanza 2016, una matamko 12 yaliyosanifiwa kwa kazi hiyo, likiwemo linalosema kwamba hali ya hakimiliki haijatathminiwa. Tamko hilo ni bora mara nyingi kuliko alama ya "haki zote zimehifadhiwa" iliyobandikwa kwa mazoea juu ya vitu ambavyo makumbusho hayana haki navyo.

Anwani, na yanayotokea maonyesho yakifungwa

Maonyesho yakifungwa, kabati hufunguliwa, taa hufungwa katika karatasi isiyo na asidi na kurudi rafuni. Mtandaoni kurasa nyingi huondolewa siku hizohizo, kana kwamba nazo ni za kukodi. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwalimu aliyeweka kiungo katika somo, mtafiti aliyekitaja katika tasnifu, mtoto wa fundi aliyeituma familia nzima anwani ile, wote hukuta ukuta.

Anwani inayodumu huanza na kitambulisho kisichobeba maana yoyote. Jina la maonyesho hubadilika wiki moja kabla ya kufunguliwa. Namba ya mapokezi inaonekana imara, lakini nayo hurekebishwa ikigundulika kwamba kitu kiliandikishwa mara mbili. Namba tupu ambayo mfumo uliitoa na haitarudiwa ndiyo salama. Cooper Hewitt ya New York iliwahi kuwapa wageni kalamu ya kielektroniki: ukiigusisha kwenye lebo ya kitu, kitu hicho huhifadhiwa katika anwani iliyochapishwa kwenye tiketi yako. Thamani yote ya tiketi ile baada ya kurudi nyumbani ilikaa juu ya anwani kutobadilika.

Kuna swali gumu zaidi. Miaka mitatu baada ya kufunga, mtafiti anagundua nani alisubu taa. Rekodi ya kitu inabadilishwa, kama inavyopasa. Lebo ya maonyesho, iliyosema "fundi asiyejulikana", ifanyweje? Nadhani isiguswe. Ni ushahidi wa kile makumbusho yaliwaambia watu siku zile. Siku ya kufunga, lebo zote zigandishwe pamoja na tarehe, na ukurasa useme wazi kwamba haya ni maneno ya wakati ule, ukielekeza kwenye ukurasa wa kitu wenye maarifa ya leo. Data za kitu zinaendelea kuishi, maneno ya maonyesho yamesimama. Ule mstari wa katikati ndio unaowezesha hayo yote mawili bila kugongana.

Kufuta kuna mtego wake. Mtiririko wa usiku kwa kawaida huuliza hifadhidata: nini kimebadilika tangu jana? Rekodi iliyofutwa haipo tena kujibu, kwa hiyo haitajwi, na nakala yake hubaki mtandaoni. Hivyo ndivyo picha iliyoondolewa kwa ombi la jamii fulani inavyoweza kuendelea kuonekana kwa miezi, huku kila mtu ofisini akiamini imeondoka. Itifaki iitwayo OAI-PMH, yaani kanuni za kompyuta moja kukusanya rekodi za nyingine, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka 2002, ilikwisha liona tatizo hili: mtoaji hutakiwa kutangaza kama anatunza habari za rekodi zilizofutwa, na kwa muda gani. Kwa hiyo usifute kimya. Acha alama inayosema rekodi ilikuwapo na imeondolewa, na anwani yake imjibu anayeifungua kwa msimbo wa wavuti 410, unaomaanisha "kiliondolewa", badala ya 404, ambao haumwambii mtu kama kuna kosa au la.

Makumbusho yenye watu wachache yasiogope orodha hii ndefu. CollectiveAccess ni programu huria yenye sehemu mbili, moja ya kuandikia rekodi na nyingine ya kuzionyesha kwa umma. Omeka nayo ni huria na imejengwa hasa kwa maonyesho ya mtandaoni. Hata lahajedwali tatu zilizopangwa kwa uangalifu, ya vitu, ya maonyesho na ya ushiriki, zinaweza kuzalisha kurasa nzuri za maonyesho yenye vitu 40. Mwenye lahajedwali tatu sahihi yuko mbele ya mwenye mfumo ghali na sehemu moja ya "maelezo".

Kisha wasomaji huanza kuandika. Mtu anaitambua taa: babu yake alikuwa na karakana, alama iliyo chini ya kitako ni ya karakana hiyo. Mhariri wa tovuti, kwa furaha na nia njema, hufungua ukurasa na kurekebisha. Usiku mtiririko unapita na kuirudisha hali ya jana, kwa sababu tovuti ni nakala tu. Asubuhi masahihisho hayapo, na yule aliyeandika anadhani amepuuzwa. Barua yake inapaswa kumfikia msajili. Yeye ataikagua alama chini ya kitako, ataingiza jina la karakana kwenye rekodi 1987.14.3 pamoja na tarehe na chanzo cha habari, na asubuhi inayofuata jina hilo litakuwa kwenye ukurasa wa taa, na kwenye maonyesho yoyote yaliyo wazi ambamo taa hiyo imo.